Mita ya Tisa

Vyombo vyangu naviosha kwenye beseni. Sinki ninalo, tena zuri, la chuma kinachong'aa, lenye koki ndefu iliyopinda shingo kama bata. Lakini kwa miaka kumi na mmoja koki hiyo naifungua kujaza birika na masufuria tu. Vyombo naviosha kwenye beseni la bluu, nikimaliza nalibeba kwa mikono miwili, napita sebuleni nimebana pumzi lisidondoke hata tone kwenye zulia, natoka mlango wa mbele, nashuka ngazi tatu, navuka hadi mtaroni, namwaga, narudi. Mara tatu kwa siku. Wageni wakija, mara tano. Jirani wa mkono wa kulia siku hizi hata haniulizi nimeamkaje, ananiuliza, "Umeshamwaga?" Namjibu kwamba bado, nasubiri akae vizuri nimmwagie yeye.

Sasa sikia kinachokera. Mume wangu ni fundi wa mabomba ya maji taka. Tena si fundi wa kubahatisha, wa kuja na mtaimbo na kuvunja sakafu nzima akitafuta mahali palipoziba. Ana kamera. Kichwa chake ni kidogo, kama kidole gumba cha mguu, kina vitaa vimekizunguka, na nyuma yake kuna waya mgumu mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu. Anafungua chemba, anakiingiza kichwa kwenye bomba, anausukuma waya taratibu, na kwenye kioo cha mashine unaona tumbo la nyumba yako lilivyo. Pembeni ya kioo namba zinahesabu mita. Akifika penye tatizo anajua ni mita ya ngapi, anapima juu kwa futi ya mkononi, anapiga alama ya chaki, anasema chimba hapa. Hakosei. Watu wanamwita Daktari.

Na anapofanya kazi huwa anazungumza, maana mashine inanasa picha na sauti. "Mita ya kwanza, bomba zima. Mita ya pili, kiungo kizuri." Akifika penye tatizo ana mtindo wake, na mtindo huo ndio uliompa jina. Kwanza anataja kisichokuwepo, halafu ndiyo kilichopo. Nilimuuliza zamani, tulipokuwa bado wapya na nikimfuata kazini kumshikia kioo, kwa nini anazunguka hivyo. Akaniambia, "Bomba likiziba, ndani ya nyumba kuna mtu amelaumiwa tayari. Ukitaja kisichokuwepo, unamvua mtu lawama."

Nilimwona akifanya hivyo. Kuna mwenye nyumba alikuwa amemshikia bango mpangaji wake, mama mwenye mtoto mchanga, eti anatupa nepi chooni. Mume wangu akaingiza kamera mbele ya wote wawili. "Mita ya sita. Hakuna nepi. Hakuna kitambaa. Kuna mizizi ya mti." Mti ulikuwa wa mwenye nyumba mwenyewe. Yule mama alilia pale pale, na mimi nikajisemea moyoni, mwanamume wangu huyu ni mtu wa haki, nimepata. Loo!

Kwetu bomba liliziba kwa mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya harusi. Maji meusi yalipanda kwenye sakafu ya bafu, na nyumba nzima ikanuka. Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni na khanga yake puani, akalitazama sinki, akanitazama mimi. Jana yake nilikuwa nimekaanga samaki.

"Umemwaga mafuta humu," akasema.

"Hapana, Mama. Mafuta nimeyaweka kwenye kopo."

"Nyumba hii ina miaka, haijawahi kuziba. Umekuja wewe, imeziba. Kwenu hawakukufunza?"

Hilo la kwenu ndilo lililonichoma. Mama yangu mzazi amepika jikoni hospitalini miaka ishirini na saba. Ukimaliza kula kwake, sahani unaifuta kwa karatasi kabla haijagusa maji. Mafuta yanaingia kwenye kopo, kopo linafungwa. Nilipokuwa na miaka saba nilimwaga kijiko kimoja cha mafuta kwenye sinki, akanipiga kofi la mkono, akanisimamisha pale akaniambia, "Sinki la mtu ndilo tabia yake." Miaka ishirini na saba, na sinki lake halikuziba hata siku moja. Leo eti kwetu hawakunifunza.

Mume wangu alileta fito za kuzibulia, akasukuma, maji yakashuka. Nikamwambia, "Ingiza kamera, baba watoto, tuone." Wakati huo hata watoto hatukuwa nao, nilikuwa nachuma baraka. Akasema bomba la nyumbani ni jembamba, kichwa hakipiti. Nikaamini. Ningejuaje? Baada ya miezi miwili likaziba tena. Na tena. Kila likiziba mama mkwe aliongeza sheria. Kwanza chujio kwenye sinki. Halafu nywele nichanie nje. Halafu sahani zenye mafuta zisioshwe ndani. Mwisho sahani zote zisioshwe ndani, ndipo beseni la bluu likaingia nyumbani kama mke mwenza. Hata bafuni mimi naoga na ndoo moja, na mama mkwe husimama koridoni akisikiliza maji. Na bado bomba linaziba! Mtu mwenye akili angeshajiuliza. Lakini ukishampata wa kumlaumu, akili inapumzika.

Mume wangu nikimlilia ananijibu kwa methali. "Mganga hajigangi, mke wangu." Siku nyingine, "Kinyozi hajinyoi." Nikamwambia basi nitamtafuta fundi mwingine. Alinyamaza siku mbili nzima. Kisha akasema, "Daktari wa Mabomba kuitiwa daktari? Unataka nichekwe?" Nikaliacha. Niliwaza labda ana aibu yake ya kiume, na kwamba ndoa ni kuchukuliana. Nikachukua beseni.

Inabidi nikueleze nyumba ilivyo, ndipo utaelewa. Nyumba ilikuwa ndogo, upande wa barabarani tu. Jiko, bafu na chumba chetu viliongezwa nyuma, tulipokaribia kuoana. Bomba la maji taka linatoka huko nyuma, linapita chini ya chumba cha katikati, ambacho sakafu ilivunjwa ikamwagwa upya, linatokea kwenye chemba ya mbele. Chumba cha katikati ndicho cha mama mkwe. Sakafu yake ni ya vigae vya kijani na vyeupe, kimoja kimoja kwa kupishana, na aliyevilaza ni marehemu baba mkwe kwa mikono yake. Ndiyo kazi yake ya mwisho. Mama mkwe hufuta vigae vile kila Jumamosi akiwa amepiga magoti, na hataki mtu amsaidie. Kigae kimoja pale mlangoni kimepinda kidogo, akikifikia anakipapasa kwa kiganja, anaendelea.

Maisha yangu yangekwenda hivyo hivyo mpaka beseni linizikie, kama si mama yangu. Macho yake yamekwisha. Anaona mwanga na vivuli, basi. Alikuwa akikaa peke yake ghorofa ya tatu, na mwaka huu wapangaji wote wa jengo lile wakaambiwa watoke, linabomolewa. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Hana pengine. Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa mama mkwe, nikakaa chini mkekani, nikamwomba mama aje akae nasi. Kitanda kingeingia vizuri kwenye chumba cha watoto.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Si kwamba namkataa mama yako. Lakini choo hiki hakimudu mtu mwingine. Wewe peke yako umeshakiua. Sasa uniletee na aliyekufunza?"

Nilijua nikifungua mdomo yatatoka ambayo hayarudi. Nilikwenda jikoni nikashika kingo za sinki, nikalia kimya kimya na koki imefunguliwa kidogo ili nisisikike. Kisha nikakumbuka kwamba maji yanashuka, nikaifunga. Hata kulia kwa raha sikuweza.

Nilibaki na siku ishirini na mbili za kumpatia mama pa kulala.

Siku ya tatu mume wangu alirudi na homa. Asubuhi yake alimeza dawa, akajifunika gubigubi. Simu yake ikaita, mteja, anataka aangaliziwe mita, maana mafundi wake wa kuchimba wameshafika na chaki imefutwa na mvua. Mume wangu akaniambia kwa sauti ya usingizi, "Mama watoto, washa mashine. Kazi zote zimepangwa kwa tarehe na jina. Mtafutie, umwambie." Akalala.

Nikaiwasha mashine kwenye meza ya kulia. Yule mteja nilimpata upesi, nikamwambia mita ya kumi na nne, akashukuru. Nilipotaka kuizima kidole kikateleza, orodha ikashuka chini kabisa, kwenye kazi za zamani. Nikaona neno moja. Nyumbani.

Tarehe ilikuwa ya miaka sita nyuma. Naikumbuka siku ile, kwa sababu ndiyo siku niliyompeleka mama mkwe kliniki ya presha kwa mara ya kwanza, tukashinda huko, na watoto walikuwa kwa jirani. Nyumba alibaki nayo mume wangu peke yake. Eti kichwa hakipiti!

Nikabonyeza.

Kikaonekana kifuniko cha chemba yetu ya mbele, halafu giza la bomba na vile vitaa. Na sauti yake, ile ya kazini, tulivu. "Mita ya kwanza, bomba zima. Mita ya pili, zima. Mita ya tatu, kiungo kizuri." Nilisogea karibu. Ya saba, safi. Ya nane, safi. Kisha kamera ikaingia kwenye maji, kioo kikawa na ukungu wa kahawia.

"Mita ya tisa," akasema. "Hakuna mafuta. Hakuna nywele. Hakuna kitambaa. Bomba limebonyea, maji yamesimama kama mita moja na nusu. Udongo wa chini haukushindiliwa."

Nikadhani amemaliza. Waya haukusogea. Picha ilibaki kwenye yale maji yaliyosimama, na nilisikia anavyopumua. Baada ya muda mrefu sauti ikarudi, lakini si ile ya kazini.

"Nililaza mimi. Ni ile siku ya kwenda kwao kujitambulisha. Nilikuwa nimechelewa."

Kisha picha ikakatika.

Siku ile naikumbuka vizuri zaidi ya siku ya harusi. Alifika kwetu anahema, shati limepigwa pasi vizuri, na viatu vyake vina saruji mbichi pembeni. Mimi niliona aibu. Mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa bado mazima, alicheka akaleta kitambaa, na wageni walipoondoka aliniambia, "Huyu mchukue. Mwanamume anayekuja na saruji viatuni hawezi kukulaza kwenye nyumba mbovu." Amelirudia neno hilo miaka yote hii. Kumbe saruji yenyewe ni ya viungo vya bomba letu! Siku ile alijitetea kwamba baba yake alimwachia kazi ya kufukia, zege limwagwe jioni, na sasa najua alitupia udongo juu juu akakimbia kuja kunichumbia.

Niambie, hapo ningecheka au ningelia? Nilifanya vyote, halafu hasira ikanipanda kutoka unyayoni. Siyo hasira ya bomba. Mtu kukosea bomba ni kazi, kila fundi ana bomba lake. Ni yale maneno matatu. Hakuna mafuta. Hakuna nywele. Hakuna kitambaa. Mume wangu alinivua lawama kwa sauti yake mwenyewe, akaifungia sauti hiyo kwenye mashine, akatoka nje akanikuta nimerudi kutoka kliniki na mama yake, akaniona nikibeba beseni. Kwa miaka sita amekuwa akinipisha mlangoni nipite na beseni. Wakati mwingine alinifungulia.

Nikaibeba mashine, nikaenda nayo moja kwa moja chumba cha katikati. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo. Sikusalimia. Nikaiweka mapajani pake nikabonyeza.

Alisikiliza yote. Ilipofika mita ya tisa alitazama chini, kwenye vigae, karibu na miguu ya kitanda, kana kwamba angeyaona yale maji. Ilipokwisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya pili alifumba macho.

"Baba yake alijua?" akaniuliza, kama vile mimi ningejua.

"Sijui, Mama."

"Hakujua. Angejua asingeweka vigae." Akakunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Nilisubiri. Nilisema leo, leo nitasikia neno samahani kutoka kinywa hiki, nipate hata kuliandika ukutani. Akaniambia, "Funga mlango, binti yangu."

Miaka kumi na mmoja hajawahi kuniita binti yake. Nikafunga.

"Mlete mama yako," akasema. "Aje hata kesho. Lakini haya uliyoyasikia, hujayasikia. Mwanangu asijue kama nimesikia mimi, wala kama umesikia wewe. Daktari wa Mabomba amelaza bomba bovu chini ya kitanda cha mama yake! Hilo likitoka nje, nani atamwita tena? Na yeye mwenyewe, unamjua. Akijua kuwa ninajua, atavunja sakafu hii, na akishaivunja hatanitazama usoni mpaka nife."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe umeshazoea," akasema. Tena kwa upole, na mkono wake ukaja juu ya wangu. "Yeye hataweza."

Nisikudanganye, nilikubali. Mtego ukiwekewa nyama unayoitaka, unaingia huku unauona. Nilimtaka mama yangu, na bei yake ilikuwa beseni la bluu, na nilikuwa nalo tayari mikononi. Niliirudisha mashine mahali pake, nikaufuta mkono wangu kwa aproni, nikampelekea mume wangu uji. Akaniuliza kama mteja amepata alichotaka. Nikamwambia kila mtu amepata.

Siku zilizofuata ndizo nilizojua kubanwa ni nini. Zamani nilibeba beseni nikiwa sijui, na asiyejua ana matumaini, anasema ipo siku. Sasa nilijua, na waliokuwa wakinitazama nikipita walijua, mmoja hajui kuwa mwenzake anajua, na mimi katikati nikipita na maji machafu nisidondoshe. Mume wangu alipopona akaanza tena kuhadithia kazi zake mezani, alivyomwondolea fulani lawama, alivyomwumbua fulani. Mama mkwe anaitikia "Mh." Mimi naokota sahani. Usiku nikilala nageukia ukutani. Mume wangu alifikiri bado nina uchungu wa mama, akanipapasa bega akaniambia, "Si ameshakubaliwa? Furahi basi." Mwanamume!

Mama alikuja Jumapili asubuhi na begi moja na kopo lake la mafuta. Nilimfuata mimi, nikamshika mkono ngazi zote za ghorofa tatu. Mume wangu alimpokea mlangoni kwa heshima zote, akambebea begi, akamwongoza hadi kwenye kiti. Mama alimpapasa uso, akacheka, akamuuliza kama bado anatembea na saruji viatuni. Mume wangu akacheka pia, lakini kicheko kilimkatikia njiani.

Mchana tukala pamoja, kuku wa kukaanga. Watoto wakamaliza wakakimbilia nje. Tukabaki wanne mezani. Mama yangu hajawahi kukaa mgeni wa kuhudumiwa, mwili haumruhusu. Akainuka na sahani yake, akapapasa ukuta taratibu, akafuata harufu ya sabuni hadi jikoni ambako mlango uko wazi, akaligusa sinki kwa vidole, akatabasamu. Akainua mkono kutafuta koki.

"Hapana, hapana, mama mwenzangu!" Mama mkwe alipaza sauti kutoka mezani. Naamini hakukusudia. Ulimi wake umelizoea neno lile kama miguu yangu ilivyozoea mtaro. "Hapo vyombo haviwekwi!"

Mama akarudisha mkono haraka, kama ameungua. "Samahani. Kuna nini?"

Mama akageuza uso upande ambao alidhani nimekaa.

"Bomba linaziba," mama mkwe akasema hatimaye, sauti ya chini.

"Linaziba na nini?"

Mume wangu alikuwa anachezea mfupa kwenye sahani. Mama mkwe alikuwa anaitengeneza khanga yake begani, iliyokuwa imekaa sawa tayari. Nilimtazama huyu, nikamtazama yule. Nilisubiri. Niliwapa nafasi, Mungu shahidi yangu.

"Mafuta," nikasema mimi. "Nilimwaga mafuta, mama. Zamani."

Mama alisimama pale na sahani yake. Nilimwona anavyolimeza lile neno. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, ukawa wa mtu mzee, na hadi dakika ile sikuwa nimemwona mama yangu kuwa mzee, hata na macho yake yale. Akaiweka sahani pembeni ya sinki, mbali na tundu, akarudi akipapasa ukuta, akaishika meza. Akainamisha kichwa upande wa mama mkwe.

"Mama mwenzangu," akasema, "naomba mnisamehe. Msimlaumu huyu. Kosa ni langu. Sikumfunza."

Miaka ishirini na saba jikoni hospitalini, na leo ananisemea hivyo, tena kainamisha kichwa.

Niliinuka. Mashine hukaa nyuma ya mlango wa koridoni, na huwa ina chaji. Nikaileta nikaisogezea nafasi kwa kusukuma bakuli la kuku, nikaiweka katikati ya sahani. Mume wangu alipoona kidole changu kinashuka kwenye orodha hadi mwisho, aliuacha mfupa. Akanyoosha mkono. Nikausukuma.

"Tulikubaliana, binti yangu," mama mkwe akasema.

"Tulikubaliana mimi na wewe, Mama. Mama yangu hajakubaliana na mtu."

Mume wangu akamgeukia mama yake. Nikabonyeza.

Mama yangu haoni kioo, lakini masikio yake ni mazima. Aliinamisha kichwa upande mmoja akasikiliza, mita ya kwanza, mita ya pili, kiungo kizuri, kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Nje watoto walikuwa wanagombania mpira. Ya saba, ya nane. Mita ya tisa. Hakuna mafuta. Hakuna nywele. Hakuna kitambaa. Nilimwona mama akishusha mabega. Kisha bomba kubonyea, kisha udongo, kisha ile pumzi ndefu, na ile siku ya kwenda kwao kujitambulisha. Mashine ikanyamaza.

"Huyu anayesema ni nani?" mama akauliza.

Mama mkwe alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Nilikuwa nimeshamjibia mume wangu mambo mengi, hilo sikuliweza.

"Nimeuliza, ni nani?"

"Ni mimi, mama," mume wangu akasema.

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Ile saruji," akasema. "Kumbe ilikuwa ya hapa."

Hakuna aliyeinuka mezani. Mimi nikaenda jikoni, nikaichukua sahani yake, nikaifuta mafuta kwa karatasi kama alivyonifunza, nikaidondosha karatasi kwenye kopo lake, nikafungua koki.